Nani Ataiamsha Mashine ya Kaunta?

Jumamosi ya tarehe 3 Julai 2021, karibu maduka 800 ya mtandao wa supamaketi wa Coop nchini Sweden hayakufunguliwa. Bidhaa zilikuwa kwenye rafu, umeme ulikuwapo, wafanyakazi walikuwapo. Kilichokosekana ni mashine za kaunta. Tangu jioni ya siku iliyotangulia, mashine za makeshia pamoja na zile ambazo mteja hujihudumia mwenyewe zilikuwa zimegoma, na hapakuwa na njia ya kuziamsha kutoka mbali. Fundi alilazimika kufika dukani, kuirejesha mashine moja kwa nakala ya akiba, kisha kuhamia kwenye ya pili, na ya tatu. Nchi yenye ukubwa wa Sweden haizungukwi kwa siku moja, hivyo kazi hiyo ilikula siku kadhaa.

Watu wengi walilikumbuka tukio hilo kama habari ya wadukuzi. Ni kweli wadukuzi walikuwapo. Lakini kwa yeyote anayenunua mashine za kaunta, mwenye duka moja kwa mwenye maduka mia mbili, tukio hilo ni somo kuhusu jambo ambalo muuzaji hulitaja mwishoni mwa mazungumzo, kama hulitaja kabisa: mfumo endeshi ulio ndani ya mashine. Mnunuzi huoneshwa kioo kinachong'aa, printa ya haraka, bei ya mwezi. Haambiwi programu iliyo chini ya hayo yote ilitoka mwaka gani, itaacha kupata viraka vya usalama mwaka gani, na itasimamishwaje tena siku itakapokataa kuwaka. Maswali hayo ndiyo yanayoamua kama duka litauza.

Fittja ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Kitongoji hicho kiko kusini-magharibi mwa Stockholm, katika manispaa ya Botkyrka, kwenye njia ya treni ya chini ya ardhi inayoelekea Norsborg. Kituo chake kilifunguliwa mwaka 1972. Majengo yake marefu yalijengwa katika mpango wa serikali wa nyumba milioni moja, ulioanza mwaka 1965 na kumalizika mwaka 1974. Wakazi wake wengi wana asili ya nje ya Sweden, wakiwamo Waturuki waliotoka mji wa Kulu, Waarabu, na watu kutoka pembe ya Afrika na nchi jirani. Biashara ndogo ya familia ndiyo njia ya wengi kujipatia riziki katika vitongoji vya namna hii: duka la vyakula, mgahawa, kinyozi, duka la simu. Mwenye biashara kama hiyo hana idara ya kompyuta. Akikosea kuchagua mashine, kosa analibeba mwenyewe.

Na mashine hana budi kuwa nayo. Tangu tarehe 1 Januari 2010, sheria ya Sweden inamtaka kila anayeuza bidhaa au huduma kwa fedha taslimu au kadi awe na mashine ya kaunta iliyothibitishwa, iliyounganishwa na kitengo cha udhibiti. Kitengo hicho, ambacho Waswidi wengi hukiita kisanduku cheusi, hupokea taarifa za kila mauzo, huzifunga zisiweze kubadilishwa, na kutoa msimbo unaochapishwa kwenye risiti. Maofisa wa Skatteverket, mamlaka ya kodi, wanaweza kuingia dukani bila taarifa na kukagua. Asiyetimiza masharti hutozwa kronor 12,500, na akirudia ndani ya mwaka mmoja, 25,000. Wenye mauzo madogo sana wamesamehewa. Kwa mwaka 2025 kikomo kilikuwa kronor 235,200 kwa mwaka. Wauza matunda na nguo katika masoko ya wazi nao walisamehewa kwa miaka michache ya mwanzo, mpaka msamaha huo ulipoondolewa tarehe 1 Julai 2014.

Maana yake ni kwamba mashine ya kaunta mjini Stockholm si kompyuta ya kawaida yenye programu ya kuuzia. Ni chombo cha kisheria. Mtengenezaji ameitolea tamko kwamba modeli hiyo inatimiza masharti, mwenye duka ameiandikisha Skatteverket, na hitilafu ikitokea lazima iripotiwe. Kubadilisha kilicho ndani yake si uamuzi wa mpwa anayejua kompyuta aliyekuja kutembea Jumapili.

Kazi yenyewe ya mashine inaonekana nyepesi. Skana inasoma msimbopau, bei inatafutwa, jumla inapigwa, kadi inalipa, risiti inatoka. Lakini kila hatua ina kifaa chake, na kila kifaa kina lugha yake: skana, printa, droo ya pesa ambayo kwa kawaida hufunguka kwa ishara inayopitia kwenye printa, mizani, kisomakadi, kioo cha mteja, kisanduku cha udhibiti. Mizani inayouzia nyama kwa kilo nayo iko chini ya sheria ya vipimo ya Umoja wa Ulaya. Ndiyo sababu mwaka 1996 kampuni za Microsoft, NCR, Epson na Fujitsu-ICL zilikubaliana juu ya kanuni moja ya kuzungumza na vifaa vya kaunta, ili programu ya kuuzia isiandikwe upya kila printa inapobadilishwa. Mfumo endeshi unaofaa kaunta, kwanza kabisa, ni ule ambao vifaa hivyo vyote vinaufahamu. Mengi yanayosemwa kuhusu kasi na usasa huishia hapo: mfumo mzuri usioweza kufungua droo ya pesa haufai kitu.

Sharti la pili ni kwamba mfumo uwe umefungwa kwa kazi moja. Hiyo ndiyo tofauti ya mfumo endeshi uliopachikwa na ule wa kompyuta ya nyumbani. Keshia hapaswi kufungua barua pepe, kupakua mchezo wala kuchomeka simu yake. Mashine inapowaka iingie moja kwa moja kwenye kuuza, na ikizimwa ghafla kwa kukatika umeme irudi ilivyokuwa. Mtu akiielewa hivyo, ataona pia kwamba mifumo endeshi ya muda halisi, inayotumika katika breki za magari au mashine za hospitali, haihitajiki hapa. Hakuna anayeumia risiti ikichelewa robo sekunde.

Ajabu ni kwamba mmoja wa mifumo iliyotawala kaunta za supamaketi kubwa ulizaliwa katika familia hiyo hasa. IBM ilipotoa mfumo wake wa 4680 mwaka 1986, iliujenga juu ya FlexOS ya kampuni ya Digital Research, mfumo endeshi wa muda halisi. Mrithi wake, 4690, aliendelea kuhudumu kwa miongo kadhaa. Kilichoufanya upendwe ni mpangilio wake dukani. Mashine za kaunta hazikuwa na mengi ndani. Zilipokea programu yake kupitia mtandao wa duka kutoka kwenye kompyuta ya kidhibiti iliyokuwa ofisini. Kidhibiti kimoja kikifa, cha pili kilichukua nafasi. Mtandao ukikatika, mashine iliendelea kuuza peke yake na kuwasilisha hesabu baadaye. Mashine ikiharibika, fundi alileta nyingine, akachomeka waya, nayo ikajivutia programu yenyewe.

Inafaa kukaa kidogo kwenye mpangilio huo, kwa sababu miaka 35 baadaye maduka ya Coop yaliukosa uwezo huohuo wa kujirejesha. Teknolojia ilikuwa imepiga hatua kubwa kwa kila kipimo isipokuwa hicho. IBM yenyewe iliuza kitengo chake cha vifaa vya maduka kwa Toshiba mwaka 2012, na Toshiba ikaleta mrithi mpya uliojengwa juu ya Linux.

Kilichoiondoa mifumo ya aina ile ni Windows. Wasanidi programu walikuwa wengi, vifaa vilikuwa rahisi, na kila fundi wa mtaani aliijua. Mwaka 2005 Microsoft ilitoa toleo la Windows XP lililotengenezwa mahsusi kwa kaunta, kisha likafuata lile lililoitwa POSReady 2009. Hapa ndipo hesabu ya miaka inapoanza kuwa na maana. Windows XP ya kawaida iliacha kupata viraka tarehe 8 Aprili 2014. POSReady 2009, ambayo ndani yake ni XP ileile, iliendelea kuhudumiwa mpaka tarehe 9 Aprili 2019. Maduka mawili yaliyonunua mashine zinazofanana kwa sura, moja likiwa na toleo la kaunta na lingine toleo la kawaida, yalitofautiana kwa miaka mitano ya usalama. Tofauti hiyo haikuonekana kwenye kioo.

Hadithi ilijirudia tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 ya kawaida ilipofikia mwisho wake. Wauzaji wengi wa mashine ndogo walikuwa wameweka toleo hilo la kawaida kwa sababu ni la bei nafuu na hupatikana kirahisi. Windows 11 nayo inadai vichakataji vipya na kipande cha usalama ambacho mashine nyingi za zamani hazina, hivyo mwenye duka huambiwa atupe chombo ambacho bado kinafanya kazi. Yule aliyeuziwa toleo la Windows 10 la vifaa vya kazi maalumu, lile la huduma ya muda mrefu la mwaka 2021, ana viraka mpaka Januari 2032. Toleo kama hilo la Windows 11, la mwaka 2024, limeahidiwa mpaka Oktoba 2034, na masharti yake ya vifaa ni mepesi zaidi. Matoleo haya pia huja na kinga ya kuandika: chochote kinachobadilishwa kwenye diski hufutika mashine inapowashwa upya, ila yale yaliyoruhusiwa. Kwa kaunta, kinga hiyo ina thamani kuliko programu nyingi za kupambana na virusi.

Turudi kwa Coop, maana undani wa kisa hicho unapingana na hitimisho la haraka kwamba tatizo ni Windows.

Coop haikudukuliwa moja kwa moja. Kampuni iliyozihudumia mashine zake za kaunta, Visma EssCom, ilikuwa ikitumia programu ya kampuni ya Marekani iitwayo Kaseya kusimamia kompyuta za wateja kutoka mbali. Genge la REvil lilipata upenyo katika programu hiyo. Watafiti wa Uholanzi walikuwa wameugundua mapema na kuiarifu Kaseya mwezi Aprili 2021. Kiraka kilikuwa bado kinatengenezwa genge lilipotangulia, Ijumaa ya tarehe 2 Julai, Wamarekani wakijiandaa kwa mapumziko ya sikukuu yao ya uhuru. Kaseya ilisema wateja wake wa moja kwa moja walioathirika hawakufika 60, lakini wengi wao walikuwa watoa huduma, na kupitia kwao biashara kati ya 800 na 1,500 ziliguswa. Genge lilitaka dola milioni 70 kwa ufunguo wa kuzifungua mashine zote. Baadaye mmoja wa waliohusika, raia wa Ukraine Yaroslav Vasinskyi, alikamatwa Poland, akapelekwa Marekani, na mwezi Mei 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka 13 na miezi 7.

Njia waliyotumia inaeleza mengi. Amri ilishuka kutoka kwenye programu ya usimamizi, programu ambayo kila mashine ilikuwa imeagizwa kuiamini. Ilizima ulinzi wa Windows, ikaweka faili halali ya zamani ya Microsoft, na kuitumia faili hiyo kupakia sumu. Mashine ilitii kwa sababu iliambiwa na bwana wake. Mfumo endeshi haukuwa mlango; ulikuwa chumba ambacho mwenye ufunguo aliingia.

Je, kaunta za Linux zingenusurika? Siku ile, ndiyo: sumu iliyotumwa iliandikwa kwa ajili ya Windows. Lakini mwaka huohuo watafiti walikuwa wamekwisha kuona toleo la REvil lililoandikwa kwa ajili ya Linux. Anayehamia Linux huku akiweka programu ileile ya usimamizi yenye mamlaka yote juu ya kila mashine, amejipatia muda tu. Coop yenyewe iliokolewa kwa kiasi na kitu kilichokuwa nje kabisa ya kaunta: baadaye baadhi ya maduka yalifunguliwa kwa wateja waliotumia programu ya simu ya kuskani na kulipa, ambayo haikupitia kwenye mashine zilizofungwa.

Tarehe 19 Julai 2024 ulimwengu ulipata mfano mwingine, safari hii bila mdukuzi yeyote. Kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza faili yenye kasoro, na kompyuta za Windows milioni 8.5, kwa hesabu ya Microsoft, zikaanguka na kukataa kuwaka. Kaunta za supamaketi nchini Australia zilikuwa miongoni mwa zilizobaki na kioo cha buluu. Tiba ilijulikana ndani ya saa chache: kufuta faili moja. Lakini kwa mashine nyingi faili hiyo ilifutwa kwa mkono, mashine baada ya mashine. Adui alikuwa tofauti, kosa lilikuwa tofauti, na gharama ikawa ileile ya safari ya fundi.

Wizi wa kadi ni sura nyingine ya tatizo, na hapo mfano unaojulikana sana ni wa Target, mwaka 2013. Kati ya mwisho wa Novemba na katikati ya Desemba, programu iliyopandikizwa kwenye mashine za kaunta za kampuni hiyo ya Marekani ilisoma namba za kadi milioni 40 kutoka kwenye kumbukumbu ya mashine, katika ile nukta ya muda ambapo namba huwa bado haijafungwa. Wezi waliingia kwa vitambulisho vya mkandarasi wa majokofu na viyoyozi. Tangu hapo tasnia imejifunza kuitenga kadi: kisomakadi kiwe kifaa kinachojitegemea, kiifunge namba ndani yake, na mashine ya kaunta iambiwe tu kwamba malipo yamepita. Kwa mwenye duka ushauri ni mfupi. Kaunta isiyoiona namba ya kadi haina cha kuibiwa, hata mfumo wake endeshi ukiwa dhaifu.

Linux ina sifa zake halisi. Haina ada ya leseni kwa kila mashine, inaweza kupunguzwa mpaka ibaki na yale tu kaunta inayohitaji, na mafundi wameijengea mtindo wa kusasisha wenye busara: diski hugawanywa sehemu mbili, toleo jipya huwekwa kwenye sehemu iliyolala, na likishindwa kuwaka mashine hurudi yenyewe kwenye la zamani. Mtindo huo unajibu swali la CrowdStrike, yaani makosa yanayotoka kwenye masasisho. Ni jambo la kusikitisha kwamba mashine nyingi zinazouzwa bado hazina kitu kama hicho.

Ila neno Linux peke yake halisemi itahudumiwa mpaka lini. Debian huhudumiwa kwa miaka mitano hivi, ikiwa ni pamoja na kipindi cha nyongeza kinachobebwa na watu wa kujitolea na wafadhili. Ubuntu ya muda mrefu ni miaka mitano, na kumi kwa mwenye mkataba. Mwaka 2023 wasimamizi wa kiini cha Linux walitangaza kwamba matoleo yao ya muda mrefu yatapungua kutoka miaka sita hadi miwili, kwa sababu watu wa kuyatunza walikuwa wachache na waliochoka. Mradi wa Civil Infrastructure Platform, ulio chini ya Linux Foundation, ndio unaotunza viini kwa miaka kumi na zaidi, na ulianzishwa kwa ajili ya mitambo ya umeme na reli. Muuzaji anayesema "mashine yetu ni ya Linux, haina virusi" hajajibu lolote. Anayesema ni kiini gani, kinatunzwa na nani, mpaka mwaka gani, huyo ndiye wa kukaa naye mezani.

Kwa duka dogo la Fittja, hata hivyo, uchaguzi wa kila siku uko kwingine: tabuleti. Stockholm ndiyo iliyoizaa iZettle mwaka 2010, kampuni iliyowapa wafanyabiashara wadogo kisomakadi cha kuunganisha na simu, na ambayo PayPal iliinunua mwaka 2018 kwa dola bilioni 2.2. Kinyozi akiwa na tabuleti, kisomakadi, printa ndogo na kitengo cha udhibiti, kaunta yake imekamilika kwa sehemu ndogo ya bei ya zamani. Tabuleti ikivunjika ananunua nyingine, anaingiza nenosiri, bei na bidhaa zake zinarudi kutoka kwenye seva ya muuzaji. Kwa kipimo cha kujirejesha, mpangilio huu umeishinda mashine kubwa ya Windows, na inapaswa kusemwa wazi.

Udhaifu wake uko kwenye umri. Mashine ya kaunta hutarajiwa kudumu miaka saba au kumi. Tabuleti ya bei rahisi ya Android inaweza kuachwa na mtengenezaji wake baada ya miaka miwili au mitatu. Vifaa vya Android vilivyotengenezwa kwa ajili ya kuuzia, kama vile vya PAX na Sunmi, vina printa na skana ndani yake na betri ya kutembea nayo, lakini navyo hutegemea mtengenezaji ataamua kusukuma masasisho mpaka lini. iPad hupata matoleo mapya kwa miaka mingi, ila mnunuzi hapewi tarehe ya mwisho kama anayopewa wa Windows ya muda mrefu. Na yote haya hutegemea seva ya mbali: kampuni ya programu ikifilisika au ikipandisha bei, duka limeshikwa pabaya.

Afrika Mashariki imelifikia swali hili kwa mlango wa kodi. Kenya ilianza kudai mashine za risiti za kodi mwaka 2005, Tanzania ikaleta EFD mwaka 2010. Mashine hizo zilikuwa vifaa vilivyofungwa kabisa, vyenye programu yake ndani, zile za Tanzania zikiwa pia na laini ya simu ya kupeleka ripoti kwenye mamlaka. Mfanyabiashara wa Kariakoo hakuulizwa anataka mfumo endeshi gani. Aliuziwa mashine na wakala aliyeidhinishwa, na ikiharibika alimrudia wakala huyohuyo. Faida yake ni kwamba kifaa hakina cha kuchezea. Hasara ni kwamba kila badiliko la kanuni za kodi lilimaanisha safari kwa fundi. Ndiyo maana mkondo umegeuka. Uganda ilianzisha mfumo wa risiti za kielektroniki, EFRIS, Januari 2021 ikiwa na njia kadhaa, mashine na programu; Kenya ikaleta eTIMS mwaka 2023, ambayo mfanyabiashara mdogo anaweza kuitumia kwenye simu au kompyuta aliyonayo, na supamaketi kuiunganisha na mfumo wake; Tanzania nayo ikaruhusu mashine pepe. Udhibiti umehama kutoka kwenye chuma kwenda kwenye seva, na mzigo wa kuchagua mfumo endeshi umerudi mabegani mwa mwenye duka.

Kuna tofauti moja kubwa kati ya Dar es Salaam na Fittja inayobadilisha hesabu. Dar hukatika umeme, hivyo kifaa chenye betri kinashinda. Lakini Dar mteja ana noti mfukoni na ana pesa kwenye simu; mashine ya kaunta ikifa, malipo bado yanapita. Sweden imejiondolea akiba hiyo. Kwa takwimu za Riksbank, benki kuu ya nchi, mwaka 2010 watu 39 katika kila 100 walisema ununuzi wao wa mwisho dukani ulilipwa kwa fedha taslimu. Miaka kumi baadaye walibaki karibu 10. Swish, huduma ya malipo ya simu iliyoanzishwa na mabenki mwaka 2012, imeziba pengo kwa maduka mengi madogo, ila nayo inahitaji mtandao. Kijitabu cha maandalizi ya dharura kilichotumwa kwa kila kaya mwezi Novemba 2024 kiliwashauri wananchi waweke noti za thamani mbalimbali nyumbani. Riksbank nayo ilikubaliana na wadau wa malipo kwamba kufikia tarehe 1 Julai 2026 kadi ziweze kulipia chakula, dawa na mafuta hata mtandao ukiwa umekatika.

Makubaliano hayo yanaupa mfumo endeshi wa kaunta kazi mpya. Hautoshi tena uwezo wa kuuza ukiwa na mtandao. Uhifadhi malipo, uyatunze salama hata umeme ukikatika, uyawasilishe baadaye bila kurudia wala kupoteza hata moja, na risiti zipite kwenye kitengo cha udhibiti wakati wote huo. Mpangilio wa tabuleti unaotegemea seva kwa kila hatua utapata shida hapa. Mashine yenye hifadhi yake ya ndani na uwezo wa kuuza peke yake, kama ile ya IBM ya miaka ya 1980, inarudi kuwa na thamani.

Sheria nayo inakaza kamba upande wa watengenezaji. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya uimara wa mtandao, iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 10 Desemba 2024, itamtaka kila anayeuza bidhaa yenye programu ndani yake atangaze muda wa kuihudumia kwa viraka, na kwa kawaida muda huo usipungue miaka mitano. Wajibu wa kuripoti upenyo unaotumiwa na wadukuzi unaanza tarehe 11 Septemba 2026. Masharti makuu yanaanza tarehe 11 Desemba 2027. Mashine zinazouzwa kabla ya siku hiyo haziguswi na mengi ya masharti hayo, na ni jambo la kutarajiwa kwamba baadhi ya wauzaji watapenda kumaliza maghala yao mapema kwa bei ya kuvutia. Mwenye duka ajihadhari na punguzo la aina hiyo.

Kwa hiyo, uchaguzi uwe upi? Kwa kinyozi au mgahawa mdogo, tabuleti ya mtengenezaji anayetaja muda wa masasisho, pamoja na kisomakadi kinachojitegemea, inatosha na ni salama kuliko kompyuta kuukuu ya Windows iliyofichwa chini ya meza. Duka la vyakula lenye kaunta tatu au nne, mizani na foleni ya Ijumaa jioni, linahitaji mashine yenye hifadhi yake na mfumo wa huduma ya muda mrefu, iwe Windows ya kazi maalumu au Linux iliyotajwa kiini chake, pamoja na mashine moja ya ziada iliyokwisha kuandaliwa. Mtandao mkubwa wa maduka uchukue Linux yenye sehemu mbili za diski au Windows yenye kinga ya kuandika, na ujenge njia ya kurejesha mashine isiyopita kwenye programu ileile inayozisimamia kila siku. Kampuni iliyoweka funguo zake zote kwa mtoa huduma mmoja imekwisha kuuchagua msiba wake.

Aliye mbioni kusaini mkataba wa mashine za kaunta, Fittja au Mombasa, amtake muuzaji aandike tarehe ya kiraka cha mwisho kwenye mkataba wenyewe, kisha aitishe jaribio mbele ya macho yake: mashine ichomolewe umeme katikati ya mauzo, diski yake ibadilishwe na tupu, na saa ianze kuhesabu mpaka risiti ya kwanza itoke. Muuzaji akikataa jaribio hilo, aachwe na mashine zake.